Somo la 14: Kumiliki, Kukalia na Kupanga. Sarufi ya Istilahi za Mali

Utangulizi

Tuanze kwa kuzitazama sentensi mbili ambazo zingeweza kuandikwa katika karatasi ya makubaliano ya nyumba:

(1) a. Mimi nimepanga nyumba hii kwa miezi 12.
b. Mimi nimepangisha nyumba hii kwa miezi 12.

Sentensi hizi zinatofautiana kwa kiambishi kimoja tu, yaani -ish-. Hata hivyo, aliyetia sahihi chini ya (1a) ndiye atakayetoa kodi, na aliyetia sahihi chini ya (1b) ndiye atakayeipokea. Wa kwanza ana haki ya kulala humo hadi muda uishe; wa pili ana haki ya kuirudia nyumba yake muda ukishaisha. Mtu asiyekijua kiambishi hicho anaweza kuitia sahihi karatasi inayosema kinyume cha alichokubali kwa mdomo.

Katika masomo yaliyotangulia tulijifunza mnyambuliko wa vitenzi na uundaji wa nomino kama kanuni za lugha. Katika somo hili tunazichukua kanuni hizo na kuzipeleka mahali ambapo kosa la sarufi humgharimu mtu chumba, kiwanja au urithi. Haja ya kufanya hivyo inazidi kukua. Nchini Uganda, marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili. Nchini Tanzania, sheria ilibadilishwa mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Wanafunzi wetu watakuwa wapangaji, wanunuzi na warithi kabla ya kuwa washairi, na wengine watafanya makubaliano yao kwa Kiswahili na watu wa upande wa pili wa mpaka.

Mwishoni mwa somo hili mwanachuo aweze:
(a) kutofautisha umiliki wa kisarufi na umiliki wa kisheria;
(b) kunyambua vitenzi miliki, kaa, panga, uza na rithi, na kueleza ni nani anapata haki gani katika kila kauli;
(c) kuunda na kufafanua nomino za watendaji zinazotokana na vitenzi hivyo;
(d) kusahihisha karatasi fupi ya makubaliano na kutoa sababu za kisarufi za kila sahihisho.

14.1 Vivumishi vya kumiliki havimilikishi

Sarufi yetu ina vivumishi vinavyoitwa vya kumiliki: -angu, -ako, -ake, -etu, -enu na -ao. Jina hilo limezoeleka nasi hatulipingi. Hata hivyo, tusiliache jina litupotoshe. Tuchunguze mifano hii:

(2) a. chumba changu
b. kijiji chetu
c. mwajiri wangu
d. deni lake

Hakuna mtu anayemmiliki mwajiri wake, wala kijiji hakinunuliwi na wakazi wake. Kivumishi cha kumiliki kinaonyesha tu kwamba kuna uhusiano kati ya mtu na kitu. Uhusiano huo unaweza kuwa wa umiliki, wa ujamaa, wa kazi, wa makazi au wa mazoea. Mpangaji husema «chumba changu» kila siku na hasemi uongo, kwa maana ni chumba anamolala. Mwenye nyumba naye akisema «chumba changu» anasema kweli.

A-unganifu ina upana huohuo. Kirai «nyumba ya mwalimu» kinaweza kuwa na maana hizi nne:

(3) a. nyumba ambayo mwalimu ameinunua au kuijenga kwa fedha zake;
b. nyumba ambayo mwalimu ameipanga;
c. nyumba ya shule ambayo mwalimu huyu amepewa akae wakati wa utumishi wake;
d. nyumba iliyotengwa kwa ajili ya mwalimu yeyote atakayekuja.

Katika mazungumzo, mazingira hutuondolea utata. Katika maandishi ya kisheria mazingira hayaambatani na karatasi. Karatasi husomwa miaka mingi baadaye na mtu asiyewajua waliotia sahihi. Kwa hiyo tunaweka kanuni hii: pale haki inapohusika, uhusiano ulioonyeshwa kwa -a au kwa kivumishi cha kumiliki ufafanuliwe kwa kitenzi. Badala ya «nyumba yangu», tuandike «nyumba ninayoimiliki», «nyumba niliyoipanga» au «nyumba ninamokaa», kadiri hali ilivyo.

14.2 Mwenye, mwenyewe na mwenyeji

Mzizi -enye hupatana na nomino kwa ngeli: mtu mwenye shamba, watu wenye mashamba, chumba chenye madirisha mawili, kiwanja chenye mgogoro, nyumba yenye uzio, nyumba zenye uzio. Maana yake ya msingi ni kuwa na kitu, na kuwa na kitu si lazima iwe kukimiliki. Mwenye funguo ni yule aliye nazo mfukoni. Mwenye hati anaweza kuwa yule aliyeishika mkononi, hata kama jina lililoandikwa ndani yake ni la mtu mwingine. Tunasisitiza jambo hili kwa sababu watu wengi hudanganyika wanapoonyeshwa hati na mtu asiyetajwa katika hati hiyo.

Umbo «mwenye nyumba» limekaza maana na kuwa istilahi: ni yule anayeitoa nyumba kwa mpangaji. Wingi wake ni «wenye nyumba». Umbo «mwenyewe» lina kazi mbili:

(4) a. Mmiliki mwenyewe amefika. (linasisitiza)
b. Shamba hili lina mwenyewe. (ni nomino: lina mtu anayelimiliki)

Sentensi ya (4b) ni onyo la kawaida kwa Kiswahili. Mtu akiambiwa hivyo anaelewa kwamba shamba, hata likionekana limejaa magugu, halijaachwa.

«Mwenyeji» limetokana na «mwenye mji». Leo neno hilo limeuacha umiliki kabisa. Linamtaja mzaliwa au mkaaji wa muda mrefu wa mahali fulani, au mtu anayempokea mgeni. Wenyeji wa Mbarara si wamiliki wa Mbarara. Neno hili linatufundisha kwamba asili ya neno na maana yake ya sasa ni mambo mawili, na kwamba mkataba husomwa kwa maana ya sasa.

14.3 Kitenzi miliki na maneno yaliyotokana nacho

Kitenzi miliki kina asili ya Kiarabu, nacho kama vitenzi vingi vya asili hiyo hakiishii kwa -a. Mnyambuliko wake ni huu:

(5) kutenda: Ukoo unamiliki shamba.
kutendwa: Shamba linamilikiwa na ukoo.
kutendesha: Serikali iliwamilikisha wanakijiji mashamba.
kutendeshwa: Wanakijiji walimilikishwa mashamba.

Kutokana na kitenzi hiki tunapata milki (kitu kinachomilikiwa, au hali ya kukimiliki), umiliki (hali au haki ya kumiliki), mmiliki (mtu anayemiliki) na umilikishaji (tendo la kuwapa watu umiliki). Vitenzi vya aina hii huunda nomino ya mtendaji kwa kiambishi awali peke yake, bila -ji: miliki huzaa mmiliki, rithi huzaa mrithi, dai huzaa mdai. Katika «mmiliki», m ya kwanza ni kiambishi cha ngeli na m ya pili ni sehemu ya mzizi. Kuandika «mimiliki» au kuiacha m moja ni kosa. Wingi wake ni wamiliki.

Vitenzi hivihivi vikiwa katika kauli ya kutendwa huzaa nomino ya mtu wa upande wa pili: mdai na mdaiwa, mshtaki na mshtakiwa. Vivyo hivyo, anayeweka nyumba yake rehani ili apate mkopo ni mweka rehani, na anayewekewa, kwa kawaida benki, ni mwekewa rehani. Mwanafunzi anayeiona -w- katika nomino hizo hahitaji kukariri: atajua mara moja ni nani anayefanya na ni nani anayefanyiwa.

Maneno mawili yanayotofautiana kwa konsonanti moja yanahitaji uangalifu: hakimiliki na hatimiliki. Hakimiliki ni haki. Hatimiliki ni karatasi inayothibitisha haki. Hati ikiungua, haki haiungui. Mmiliki hutafuta nakala. Aghalabu hakimiliki hutajwa kwa kazi za sanaa na uandishi, kama vile vitabu na nyimbo, na hatimiliki hutajwa kwa ardhi. Hata hivyo, nchini Tanzania tunakutana na «hakimiliki ya kimila» katika mambo ya ardhi ya vijiji.

14.4 Kaa, kalia na mkazi

Kitenzi kaa si elekezi. Kinataka mahali, si yambwa:

(6) a. Mjane anakaa katika nyumba hiyo.
b. Mjane anakaa humo.
c. *Mjane anaikaa nyumba hiyo.

Tukitaka nyumba iwe yambwa ni lazima tukipeleke kitenzi katika kauli ya kutendea. Hapo konsonanti l, iliyopotea kati ya irabu mbili za kaa, inarudi kama inavyorudi katika zaa na zalia, vaa na valia:

(7) a. Mjane anaikalia nyumba hiyo.
b. Nyumba hiyo inakaliwa na mjane.

Tofauti ya (6a) na (7a) ina uzito. Kukaa kunaeleza mtu yuko wapi. Kukalia kunaeleza uhusiano kati ya mtu na kitu: ameishika sehemu hiyo, anaitumia, na asiyependa hali hiyo itabidi amtoe. Ndiyo maana istilahi ya kisheria inaundwa kwa kalia: ukaliaji, mkaliaji, ardhi inayokaliwa.

Tuangalie jambo moja zaidi. Wasikilizaji wa habari wamezoea kusikia «maeneo yanayokaliwa kwa mabavu», hata wengine hudhani kwamba kukalia ni kuvamia. Sivyo. Kitenzi kalia hakihukumu. Kinachohukumu ni kielezi kinachofuata: kukalia kihalali, kukalia kwa ruhusa, kukalia kwa mabavu. Anayetaka kumshutumu mtu atumie kitenzi vamia, ambacho hubeba shutuma ndani yake na huzaa nomino mvamizi.

Nomino mkazi imeundwa kwa kiambishi tamati -i, ambacho kikikutana na l hutoa z. Kanuni hiyohiyo imetupa mzazi kutoka zaa na mnunuzi kutoka nunua. Mkazi ni mtu anayekaa mahali fulani, hata kama ni katika chumba cha kupanga. Kisiwani Unguja na Pemba tunakutana na umbo mkaazi, ambalo limeandikwa katika kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi. Ukazi unaweza kumpa mtu haki ya kuandikishwa au kuhudumiwa mahali. Peke yake haumpi nyumba.

Virejeshi navyo vinafuata tofauti hizi. Tulinganishe: nyumba anamokaa (mahali), nyumba anayoikalia (yambwa), nyumba anayoimiliki (yambwa). Mtu mmoja anaweza kuwa na zote tatu katika nyumba moja, au kila moja katika nyumba yake.

14.5 Panga na pangisha, kodi na kodisha

Tunarudi kwenye mfano wa (1). Kitenzi panga kina maana nyingine ya kuweka vitu katika utaratibu, na mpangaji anaweza kuwa mtu anayebuni mipango. Katika mambo ya nyumba maana yake ni kuchukua nafasi ya kukaa kwa kulipa. Kauli ya kutendesha huupindua mwelekeo: anayepangisha ndiye anayetoa nafasi.

(8) a. Kijana amepanga chumba.
b. Mwenye nyumba amempangisha kijana chumba.
c. Kijana amepangishwa chumba na mwenye nyumba.

Katika (8a) na (8c) kijana ni yuleyule na haki yake ni ileile. Tofauti ni kwamba (8c) inamtaja aliyetoa. Nomino zake ni mpangaji, mpangishaji, upangaji na upangishaji. Malipo huitwa kodi ya pango, au pango la nyumba.

Jozi ya kodi na kodisha inafuata njia hiyohiyo, nayo hutumika zaidi kwa magari, mitambo na mashamba ya msimu. Anayelichukua trekta amelikodi, anayelitoa amelikodisha. Tutasikia mitaani mtu akisema «nimekodisha gari» hali yeye ndiye aliyelichukua. Darasani tusilikejeli kosa hilo, bali tumwulize msemaji swali moja: «Fedha zimetoka mfukoni mwa nani?» Jibu litamwelekeza kwenye kauli iliyo sahihi.

14.6 Kuuziwa, kurithi na kurithiwa

Kosa jingine la kauli linatokea katika ununuzi:

(9) a. *Nimeuzwa kiwanja.
b. Nimeuziwa kiwanja.

Aliyesema (9a) amejigeuza bidhaa. Kitenzi uza katika kauli ya kutendwa humfanya kiima kuwa kitu kinachotolewa kwa bei. Mtu anayepokea bidhaa hufika kwenye nafasi ya kiima kwa kupitia kauli ya kutendea, uzia, kisha kutendewa, uziwa.

Kitenzi rithi kinadai uangalifu mkubwa zaidi. Tuzisome sentensi hizi polepole:

(10) a. Mjane amerithi nyumba.
b. Mjane amerithishwa nyumba.
c. Mjane amerithiwa.

Katika (10a) mjane amepata nyumba ya marehemu. Katika (10b) amepewa nyumba hiyo na mtu au chombo kilichomfanya awe mrithi, kama vile wosia. Katika (10c) mjane mwenyewe ndiye aliyegawiwa: ndugu wa marehemu amemchukua awe mkewe, kama ilivyo desturi katika baadhi ya jamii zetu. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inaliagiza Bunge kutunga sheria za kulinda haki ya wajane na wagane ya kurithi mali ya wenzi wao. Haki hiyo iko katika kauli ya kutenda. Mwanafunzi anayeziona (10a) na (10c) kuwa sentensi mbili zinazokaribiana hajaielewa bado kauli ya kutendwa.

Pamoja na mrithi tumtaje msimamizi wa mirathi. Nomino hii imetokana na simamia kwa kanuni ileile ya z iliyotupa mnunuzi. Maana yake imo ndani ya kitenzi: anayesimamia jambo hulisimamia kwa ajili ya wengine. Msimamizi hukusanya mali ya marehemu, hulipa madeni yake, kisha huwagawia warithi. Kuteuliwa kuwa msimamizi hakumgeuzi kuwa mmiliki, hata kama ni mtoto wa kwanza. Familia nyingi zimegombana kwa sababu neno moja lilichukuliwa kwa maana ya jingine.

14.7 Istilahi ndani ya sheria za nchi zetu

Tumekwisha kuona kwamba Kiswahili hutenganisha kumiliki na kukalia. Sasa tuone jinsi sheria zinavyozihitaji tofauti hizo.

Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inasema kwamba ardhi ni ya raia wa nchi hiyo, na inataja mifumo minne: umiliki wa kimila, umiliki huru, mailo, na ukodi wa muda maalumu. Neno mailo linatokana na maili, kwa kuwa mgawanyo wa ardhi uliofuata Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900 ulipimwa kwa maili za mraba. Katika ardhi ya mailo hutokea watu wawili wawe na haki juu ya udongo uleule: mmiliki aliyeandikishwa, na mtu anayekikalia kibanja, yaani kipande anacholima na kukaa. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998 inamtambua kuwa mkaliaji wa nia njema mtu ambaye, kabla ya Katiba hiyo kuanza kutumika, alikuwa akiikalia ardhi na kuitumia au kuiendeleza kwa miaka 12 au zaidi bila kupingwa na mmiliki.

Tuone kwanza kazi ya wakati na hali. Maneno «alikuwa akiikalia» yana kitenzi kisaidizi chenye -li- na kitenzi kikuu chenye -ki-. Yanaonyesha hali iliyoendelea bila kukatika. Tungeandika «aliikalia», msomaji asingejua kama ni mwezi mmoja au miaka 12. Pili, tuone tatizo la tafsiri. Kibanja cha Kiganda si kiwanja cha Kiswahili, ingawa maneno hayo yanafanana kwa sauti. Kiwanja ni eneo la kujengea, au la kuchezea mpira, na neno hilo halisemi lolote kuhusu haki ya aliyepo. Kibanja kinabeba haki ya mkaliaji ndani ya ardhi ya mwingine. Mwalimu anayefundisha Buganda aliache neno kibanja kama lilivyo na kulifafanua, badala ya kulibadilisha kwa neno litakaloipoteza haki hiyo njiani.

Nchini Tanzania ardhi yote ni mali ya umma, chini ya Rais akiwa mdhamini kwa niaba ya wananchi wote. Mdhamini hapa ni mtu aliyekabidhiwa kitu akitunze kwa ajili ya wengine, si mmiliki. Sheria mbili za mwaka 1999, Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zinampa mtu haki ya kuikalia na kuitumia ardhi. Haki inayotolewa kwa hati inaweza kufikia miaka 99. Haki ya kimila kijijini inaweza kuwa bila kikomo cha muda, na hati yake hutolewa na Halmashauri ya Kijiji. Hata hivyo, karatasi ya mtu wa mjini huitwa hatimiliki. Hapa kitenzi miliki kimechukua kazi ambayo kisarufi tungeitarajia kwa kalia. Hatuwezi kuyabadili mazoea hayo, lakini tunaweza kuwaeleza wanafunzi kwamba neno miliki katika hati hiyo lina mipaka iliyowekwa na sheria.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inaigawa ardhi katika ardhi ya umma, ya jamii na ya kibinafsi. Asiye raia hawezi kushika ardhi ila kwa kuikodi, na kwa muda usiozidi miaka 99. Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, sheria ya mwaka 1973 inasema kwamba ardhi ni mali ya Dola pekee. Mtu hupewa haki ya kuitumia. Kwa hiyo sentensi «Ninamiliki ardhi hii» ni sahihi kisarufi kotekote, lakini haina uzito uleule Kampala, Dodoma, Nairobi na Bukavu.

14.8 Kusahihisha karatasi ya makubaliano

Tuichunguze karatasi hii tuliyoitunga kwa ajili ya somo:

(11) «Mimi, mwenye chumba, nimepanga chumba changu kwa mpangishaji. Mpangishaji atakaa chumba kwa miezi 6. Kodi italipwa kila mwezi. Muda ukiisha atatoka au ataongeza.»

Makosa na mapungufu yake ni haya. «Nimepanga» iwe «nimempangisha». «Mpangishaji» iwe «mpangaji». «Chumba changu» hakionyeshi haki ya anayetoa. Tuandike «chumba ninachokimiliki». «Atakaa chumba» kumekosa kihusishi, au kitenzi kiwe «atakikalia». «Kodi italipwa» ni kauli ya kutendwa isiyomtaja mtenda. Karatasi haisemi nani amlipe nani. Mwisho, kiambishi a- katika «atatoka au ataongeza» kinaweza kumrejelea yeyote wa ngeli ya A-WA, na hapa wapo wawili. Ataongeza nini: muda, au kodi? Katika insha tunawafundisha wanafunzi kuepuka kurudia nomino. Katika mkataba, kurudia nomino ndiyo sifa njema.

(12) «Mimi, mpangishaji, nimempangisha mpangaji chumba ninachokimiliki. Mpangaji atakikalia chumba hicho kwa miezi 6. Mpangaji atamlipa mpangishaji kodi kila mwezi. Miezi 6 ikiisha, mpangaji ataondoka, au mpangaji na mpangishaji watakubaliana kwa maandishi kuongeza muda.»

Karatasi halisi itahitaji pia majina kamili, kiasi cha kodi, tarehe na mashahidi. Tumeyaacha hayo kwa kuwa hayategemei sarufi.

14.9 Mapendekezo ya kufundishia

Tunapendekeza mwalimu aanze na vitendo kabla ya istilahi. Wanafunzi wawili wapeane kitabu kana kwamba ni chumba, na darasa liseme: huyu anapanga, yule anapangisha. Kisha waingie kwenye uza na rithi. Nomino za watendaji zifuate baada ya kauli kueleweka, kwa kuwa nomino zimebeba kauli ndani yake. Mwalimu asiwaombe wanafunzi walete hati za nyumbani kwao. Mambo ya mali ni ya siri, na katika familia nyingine ni jeraha. Mifano iliyotungwa inatosha.

Mazoezi

1. Eleza maana zote zinazowezekana za kirai «shamba la bibi», kisha andika kila maana kwa sentensi yenye kitenzi kisicho na utata.
2. Nyambua vitenzi uza, rithi na kodi katika kauli ya kutenda, kutendwa, kutendea, kutendewa na kutendesha. Tunga sentensi moja kwa kila umbo linalotumika.
3. Toa nomino za watendaji kutoka vamia, simamia, nunua, kalia na dai. Eleza kwa nini baadhi zina z na nyingine zina -ji au hazina kiambishi tamati.
4. Tofautisha: (a) mkazi na mkaliaji, (b) mwenye hati na mmiliki, (c) msimamizi wa mirathi na mrithi, (d) alikaa, alikuwa akikaa na amekuwa akikaa.
5. Tafuta katika lugha yako ya kwanza neno moja la ardhi ambalo halina neno moja linalolingana nalo kwa Kiswahili. Lifafanue kwa sentensi tatu, ukionyesha ni nani anamiliki na ni nani anakalia.
6. Tunga karatasi ya makubaliano yenye makosa manne ya kauli na virejeshi. Badilishana na mwenzako, msahihishiane, na kila mmoja atoe sababu ya kisarufi ya kila sahihisho.